Goti Langu kwa Wanyanyua Vyuma

Nilianza kusali juu ya kiti mwezi wa maulidi, ule tunaouita Mfungo Sita. Kwenda chini sikuwa na tabu. Tabu ilikuwa kurudi juu. Goti langu la kulia lilikuwa likifika nusu ya njia linasita, na imamu alikuwa ameshaanza Alhamdu ya rakaa ya pili mie bado niko kwenye mkeka natafuta pa kushika. Magharibi moja nilishika kanzu ya jirani yangu. Alinivumilia mpaka tukatoa salamu, kisha akaninong'oneza: "Mzee, siku nyengine vuta taratibu. Kanzu hii nimeazima." Kesho yake nikachukua kiti cha plastiki, nikajipanga mwisho wa safu.

Wazee wengi husali kwenye kiti na si aibu, dini imeruhusu. Lakini mie nilikuwa kepteni wa kikundi cha mazoezi. Kila baada ya sala ya alfajiri tulikuwa tunatoka hapa Chake, wastaafu, walimu, wenye maduka, tunashika njia ya Pujini kwa mbio ndogo ndogo, tunaimba na kupiga makofi, na jua likishachomoza tunageuza. Ni mie niliyekuwa nikiwaambia wenzangu kila siku ya Mungu kwamba mtu anayekimbia hazeeki viungo. Sasa kepteni alfajiri anakimbia, adhuhuri yuko kwenye kiti. Na hata hizo mbio nilikuwa nazikimbilia nyuma kabisa, nasema nawachunga wanaochelewa.

Katibu wetu, mwalimu mstaafu niliyesoma naye sekondari, hakudanganyika.

"Kepteni, hilo ni goti au ni umri?"

"Baridi ya alfajiri," nikamwambia.

"Baridi? Hapa Pemba?"

Mwezi wa Rajabu ulipoandama nikaingiwa na hofu ya kweli. Sala tano za kila siku nilikuwa nimeshaanza kuzizoea kwenye kiti. Nilichokiogopa ni tarawehe. Tangu nilipobaleghe sijawahi kuzisali nimekaa. Tarawehe kwangu ni kusimama bega kwa bega na watu, ni kujaa kwa msikiti mpaka mikeka inatandikwa uani, ni paji la uso chini pamoja na mapaji mengine yote. Nikajiwekea nia: Ramadhani isinikute kwenye kiti. Mwaka ule sikuwa na haja nyengine.

Hospitali daktari alinipa vidonge, akaniambia goti limechakaa, nipunguze uzito, niitie nguvu misuli ya paja. Nikamuuliza naitia nguvu vipi. Akasema, "Fanya mazoezi." Nikamwambia nakimbia kila siku. Alilitazama goti, akanitazama mie, akaita mgonjwa mwengine.

Kiti kilinipa jambo moja ambalo sikulitarajia. Ukisali umekaa mwisho wa safu, unaona watu wanavyonyanyuka. Najua si vizuri kutazama huku na huku katika sala, na hilo nalo nimuombe Mungu msamaha, lakini macho yangu yalikuwa hapo. Wapo wanaojisukuma kwa viganja viwili. Wapo wanaokunja ngumi kama wanaokanda unga. Wapo wanaoshika paja na kuguna. Nikaona jambo lililonishangaza: watu wa kikundi changu, wakimbiaji wangu, walikuwa wananyanyuka vibaya. Katibu, mwembamba kama uzi wa mshipi, alipanda juu kwa vituo. Na mbele yangu alikuwapo fundi mmoja wa kuchomea vyuma, mtu wa miaka arubaini hivi, mgongo wake umeziba watu wawili, yeye alinyanyuka mara moja, mgongo umenyooka, mikono haikugusa chini.

Nyumbani nikaanza kumtazama mke wangu. Yeye anakuna nazi juu ya mbuzi, anainuka. Anachutama kuosha vyombo, anainuka. Anapuliza moto, anainuka, na hata hakatishi maneno anayoyasema. Nikamuuliza anafanyaje.

"Nafanyaje nini?"

"Unavyoinuka."

"Nainuka," akasema, akanitazama kama mtu aliyeanza kupungukiwa na akili.

Yule fundi nilikuwa namjua, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Yeye ndiye mkubwa wa vijana wanaonyanyua vyuma. Wana banda la bati nyuma ya karakana yake, karibu na bomba la maji la mtaa. Mlangoni wametundika pazia la magunia, na kila jioni ukipita unasikia miguno na kishindo cha chuma kikigonga sakafu. Sisi wa mbio tulikuwa na hakika na mambo yao. Tulisema mtu asiye na baya hajifichi. Tulisema wanajidunga sindano. Tulisema wanatengenezwa kuwa mabaunsa wa kupiga watu siku za uchaguzi. Mie mwenyewe, mbele ya kikundi kizima, nilisema kwamba mwili kama ule ni nyumba ya maonesho, ndani hakai mtu. Watu walicheka sana, nami nikairudia siku kadhaa. Na tulikuwa na wimbo wenye kiitikio "mwili mzigo, ushushe", ambao tuliuimba njia nzima, lakini tukifika karibu na karakana, ambako yule fundi hufungua mapema, tuliuimba kwa kukaza sauti. Siwezi kusema ilikuwa bahati mbaya.

Jioni moja baada ya alasiri nikaenda. Nilipita bombani kwanza, nikajifanya natazama maji, kisha nikasimama mbele ya lile pazia na kupiga hodi. Kelele zote ndani zikakatika.

"Nani?"

"Mie. Mzee wa hapa mtaani."

"Ngoja mzee, tujisitiri!"

Nikasikia watu wanakimbizana, kitu kikaanguka, mtu akasema, "Hilo shati langu, hilo!" Pazia lilipofunguliwa niliona vijana sita au saba wamejifunga vikoi haraka haraka, vifua vinatota jasho. Ndani mlikuwa na mabomba ya chuma yaliyotiwa saruji ncha mbili, saruji yenyewe imeganda kwa umbo la makopo ya rangi. Palikuwa na benchi la mbao na kioo kilichopasuka. Basi. Nikauliza pazia la nini.

"Mzee, hapo si njia ya kinamama kwenda bombani?" akasema fundi. "Sisi huku tuko kifua wazi na bukta za juu ya goti. Utawaachia mama zako wakuone hivyo?"

Miaka yote ile tulikuwa tunaisoma stara yao kuwa ni ubaya wao.

Lakini na wao walikuwa na lao. Kijana mmoja alikuwa ananitazama kwa mashaka tangu nilipoingia, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mzee, kama umekuja kwa habari ya kura, sisi kila mtu ana yake."

"Kura ya nini?"

"Si nyinyi wa chama? Zile fulana zenu."

Ilinibidi nikae kwenye lile benchi. Fulana zetu tulipewa na mwenye duka mmoja, mzigo wake uliomlalia, na rangi hatukuchagua. Sitaitaja rangi yenyewe. Anayeishi Pemba ataikisia, na anayeishi kwengine haitamfaa kitu. Wale vijana waliamini kwamba kila alfajiri tunafanya maandamano ya chama kwa kisingizio cha mbio, na kwamba kile kiitikio kilikuwa kinawahusu wapinzani wetu. Nikawaambia hatuna chama. Kiitikio, nikawaambia, kilikuwa kinawahusu wao.

Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. "Bora hivyo, mzee. Bora matusi kuliko siasa."

Basi nikakaa nikauliza. Niliuliza kwa nini wanaguna. Wakasema pumzi ikibaki ndani chuma hakipandi. Niliuliza kwa nini mtu ananyanyua mara chache kisha anakaa muda mrefu anazungumza, tena ndiyo anaita mazoezi. Niliuliza wanakula nini, nikaambiwa mayai, maharage, muhogo na samaki, na kama yupo mwenye sindano basi amewaficha na wao. Nao wakaniuliza kwa nini sisi tunaimba. Nikasema ili tusihisi umbali. Fundi akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mbio zinakula nyama, mzee. Mtazame katibu wenu. Kila siku anapungua, siku moja mtarudi mtakuta fulana tu."

Nikamwambia katibu alizaliwa hivyo. Nikamwambia tunaye mwenzetu ambaye sukari yake imeshuka tangu aanze kukimbia, na daktari amempunguzia dawa. Akasema hiyo si mbio, huyo ameacha chai ya sukari tu. Hakuna nililomwambia kuhusu mbio akalikubali. Kwa maradhi ya moyo, kwa usingizi, kwa pumzi, kwa yote dawa yake yeye ni chuma.

Goti alilitazama kwa makini. Alinikalisha kwenye sanduku la mbao, akaniambia niinuke polepole bila kushika kitu, nishuke polepole zaidi. Mara chache tu. Kisha akasema basi, nenda nyumbani.

"Basi tu?"

"Basi. Na kesho usifanye. Kesho kutwa ndiyo urudie, hivyo hivyo, usizidishe."

Nilitoka pale nimevunjika moyo. Sikutoka jasho hata la kulowesha ukingo wa kofia. Kwetu sisi, mtu akimaliza mazoezi na fulana yake kavu, tunamuuliza kama alikuja kutazama. Na kupumzika siku nzima hali hujachoka, hilo kwetu lina jina lake, uvivu. Nikawaza njiani: huyu kijana amekumbuka wimbo wetu. Amenipa kidogo makusudi. Siri ameibakisha.

Kwa hiyo nikaifanyia kazi kwa akili yangu. Kila baada ya sala, mara tano kwa siku, nilikuwa nakaa kitandani nainuka, nakaa nainuka, haraka haraka, kwa mapigo ya wimbo wetu wa njiani, mpaka jasho linanitiririka na roho inatulia. Mke wangu alisimama mlangoni.

"Umeingia ngoma ya msewe?"

"Nafanya mazoezi ya goti."

"Goti lenyewe limeulizwa?"

Siku za mwanzo nilijiona nimepata. Shaabani ilipofika katikati, asubuhi moja niliteremsha mguu kitandani nikakuta goti limevimba limekuwa kama nazi, la moto, halikunjiki. Alfajiri ile kikundi kiliondoka bila kepteni.

Katibu alikuja kunitazama. Alikaa, akafunua shuka, akasema Allahu akbar.

"Kitu gani hichi?"

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Alikwenda kwa wale watu wa vyuma."

Katibu akanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: waliniambia kidogo, nikafanya kingi. Lakini nilikuwa nimelala mbele ya mtu niliyemfundisha kwamba wale si watu, na nilikwenda kwao kwa siri, na goti linaniuma. Nikamwacha anyanyuke, avae viatu vyake, atoke na alichokiamini.

Kesho yake alasiri mke wangu alirudi kutoka bombani anakwenda mbio. "Mwenzako yuko karakana na watu wawili. Anapiga kelele mtaa mzima unasikia."

Nikachukua bakora. Njia ya mwendo mdogo ile ilikuwa ndefu kuliko ya Pujini. Nilipofika, katibu alikuwa amesimama mbele ya pazia la magunia, kidole kiko hewani kama yuko darasani.

"Mzee wa watu mmemvunja! Mmemtia kwenye mashine zenu, mtu ana wajukuu!"

"Mwalimu, mashine gani? Sanduku!" Fundi alikuwa na miwani ya kuchomea juu ya paji. "Nilimpa mara nane akae na ainuke. Nane! Mtoto wa chuo cha Kurani anafanya."

"Nane zinavimbisha goti?"

"Muulize mwenyewe, huyo amekuja."

Wote wakanigeukia. Fundi akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Mzee, ulifanya ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa naimba."

"Ulipumzika siku?"

"Nipumzike kwa nini? Sikuwa nimechoka."

Mmoja wa vijana aliangua kicheko, akajifunika mdomo. Nikaona bora niseme yote nimalize. Nikasema fundi aliniambia kidogo na kupumzika, nikadhani ananinyima, nikafanya kwa desturi yetu sisi. Nikamwambia katibu kwamba jana alipotoka kwangu nilijua amekosea na nikamwacha aende.

Katibu alishusha kidole. Akasema, "Basi mie nimekuja kutukana watu bure." Akamgeukia fundi. "Samahani, bwana." Ilimtoka kwa tabu, lakini ilitoka.

"Si kitu, mwalimu. Lakini na mie niulize. Goti hili nyinyi mmelikimbiza kwenye lami miezi mingapi? Hakuna aliyemwambia kaa?"

Mmoja wa wale wawili waliofuatana na katibu akaanza kutazama viatu vyake.

"Sasa hiyo habari ya kupumzika," akasema katibu, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika, imekuwa ya mtu anayetaka kujua. "Mtu anapata nguvu vipi kwa kukaa?"

"Nyama inakua ukiwa umelala, mwalimu. Ukiifanyisha kazi unaichana. Ukilala inajishona."

"Kama inakua kwa kulala, nina watoto wawili nyumbani wangekuwa ng'ombe."

Ramadhani iliandama goti likiwa bado limevimba. Tarawehe ya kwanza nilisali kwenye kiti, na ya pili, na zilizofuata. Msikiti ulijaa kama kila mwaka, mikeka ikatandikwa uani, na mie niko ukutani, nainamisha kichwa watu wanaposujudu. Nililia siku moja. Watu walidhani ni kwa kisomo cha imamu. Sikuwa na wa kumlaumu. Laiti ningeamini siku moja ya kupumzika, huenda ningekuwa nao chini pale. Huenda. Sijui.

Uvimbe uliposhuka, karibu na nusu ya mwezi, nikarudi bandani. Wanyanyua vyuma wakati wa mfungo hufanya muda mchache kabla ya magharibi, ili mtu akimaliza tu akutane na maji ya futari. Sisi wa mbio huacha kabisa mpaka sikukuu, na tulikuwa tukiwaona wao wazimu kwa hilo, nao wakituona sisi wavivu. Nilikaa kwenye sanduku, nikainuka, nikashuka, nikaambiwa basi. Kesho yake nikakaa nyumbani. Katika maisha yangu sijafanya zoezi gumu kama lile la kukaa nyumbani. Mke wangu alinificha viatu.

Katibu akaanza kunifuata bandani, "kutazama tu". Alikaa kwenye benchi na kanzu yake akauliza maswali mpaka vijana wakawa wanasahau wamefika wapi. Kwa nini mkono huu kabla ya huu? Kwa nini unatoa pumzi hapo? Umejuaje? Nani kakwambia? Mara nyingi jibu lilikuwa mtu fulani alimwambia mtu, au ameona kwenye simu. Akaniambia tulipokuwa tunarudi, "Hawa nao hawajui, kama sisi. Ila wanajua vitu vyengine."

Kumi la mwisho la mwezi likaisha. Tarawehe zote nikawa nimezisali kwenye kiti, nia yangu ya Rajabu haikutimia. Sala ya Idi sisi tunasali uwanjani, na asubuhi ile mke wangu aliniuliza kama amwambie jirani anichukulie kiti. Nikasema hapana. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Sala ya Idi ni rakaa mbili, na ndani yake kunyanyuka kutoka chini mpaka kusimama ni mara moja tu.

Nikatandika mkeka wangu katikati ya watu. Katibu alikuwa mkono wangu wa kushoto, fundi safu ya nyuma. Nikasujudu na umma, mara ya kwanza, mara ya pili, majani ya uwanja yananichoma paji kupitia mkeka. Imamu akapiga takbira ya kunyanyuka. Nikaweka ngumi chini, nikavuta pumzi, nikaitoa, nikapanda. Nilisita njiani, nikapanda tena. Imamu alikuwa ameshaanza takbira za rakaa ya pili, nami mbili zilinipita, lakini zilinipita nikiwa naelekea juu. Takbira ya tatu niliipokea nimesimama.

Baada ya salamu tulikaa kusikiliza hotuba, na hotuba ilikuwa ndefu. Ilipokwisha watu wakainuka kupeana mikono, nami nikataka kuinuka. Goti likakataa. Nikajaribu tena, likakataa. Basi nikabaki pale kwenye mkeka, watu wananiinamia wananipa mkono wa Idi, nami naupokea nimekaa, nimefurahi.

Fundi alikuja akasimama juu yangu, katibu naye.

"Nimemuona!" akasema fundi. "Kapanda bila kushika mtu. Sanduku lile!"

"Sanduku gani?" katibu akasema. "Mtu amefunga mwezi mzima, kapungua kilo. Goti limepunguziwa mzigo."

"Na sasa mbona hanyanyuki, kama ni kilo? Kilo zimerudi kwenye hotuba?"

"Amekaa sana, viungo vimepoa. Angekuwa anakimbia visingepoa."

"Akimbie tena! Mwalimu, goti hilo hilo?"

"Atembee basi. Polepole."

"Kutembea sawa. Lakini sanduku asiache."

"Mara ngapi kwa wiki?"

Fundi akafikiri. "Mie nasema tatu. Lakini kwa mzee, sijui. Wewe waonaje?"

Mke wangu, nilipomuuliza baadaye, alisema ni mafuta ya ufuta aliyonichua kila usiku, na kwamba hao wote wawili hawajaniona nikichuliwa. Mie sijui. Nataka kujua, lakini sijui. Pale uwanjani niliwasikiliza kwa hamu kubwa, huku jua linapanda na watoto wanapita na nguo zao mpya, na nilipoona mabishano hayana dalili ya kwisha nikawaambia:

"Mkipata jibu, kila mmoja anipe mkono mmoja, niinuke."